Hukubonyeza "Tuma", Lakini Namba Yako Imekwenda



Hapa Minago kila mwenye michikichi anajua desturi ya soko. Mpaka mmekubaliana bei, dumu la mawese ni lako. Mnunuzi atalitazama, ataonja, lakini hawezi kulibeba kwa sababu tu umelitoa nje. Kwenye intaneti desturi hiyo haifuatwi daima.

Ndugu mmoja anayekamua mawese alitujia na simu yake. Alikuwa akitafuta kazi. Alifungua ukurasa wa matangazo ya kazi, nao ukakataa kufanya lolote mpaka awashe kitu kiitwacho JavaScript. Akawasha. Akaandika jina lake na namba ya simu. Alipofika penye namba ya kitambulisho akasita, akafunga ukurasa bila kubonyeza neno "Tuma". Siku mbili baadaye watu asiowajua wakaanza kumpigia, wakimwita kwa jina na kumdai pesa za "kumpeleka kazini". Akatuuliza: "Ndugu zangu, namba yangu wameipata wapi, nami sikutuma?"

Hatuwezi kuapa kwamba ilitoka pale. Lakini jambo hilo linawezekana, na inafaa tulielewe.

JavaScript ni lugha ya kuandikia programu, iliyobuniwa Marekani mwaka 1995 na Brendan Eich. Ukurasa usio nayo hufanana zaidi na gazeti: kwa kiasi kikubwa unasoma tu. Ukurasa wenye JavaScript huja na vibarua wake, wakafanya kazi ndani ya simu yako. Wengi wao kazi yao ni halali. Tena wamewekewa ua, hawaruhusiwi kuingia ovyo katika picha na ujumbe wako. Lakini ndani ya ukurasa ule wanaweza kuona kila herufi unayoandika na kuipeleka kwa bwana wao kabla hujabonyeza chochote.

Mwaka 2022 wataalamu wa vyuo vikuu vya Uholanzi, Ubelgiji na Uswisi walitangaza matokeo ya kuchunguza tovuti 100,000 zinazotembelewa sana. Walipozifungua kutoka Ulaya, tovuti 1,844 zilipeleka anwani ya barua pepe kwa makampuni ya kufuatilia watu kabla fomu haijatumwa. Kutoka Marekani zilikuwa 2,950.

Hata mwenye tovuti huenda asijue. Mwaka 2018 wezi walipenyeza programu yao ya JavaScript katika ukurasa wa malipo wa shirika la ndege la British Airways. Wateja zaidi ya 400,000 waliathirika, na mwaka 2020 shirika likatozwa faini ya pauni milioni 20. Alama ya kufuli haikuwasaidia wateja wale. Kufuli hulinda njia. Haliwezi kumtoa mwizi aliyekwisha kuingia nyumbani.

Ubaya mkubwa ni kulazimishwa. Ukurasa unasema: washa, ama ondoka. Mwenye nafasi ataondoka. Anayetafuta kazi atawasha. Sisi tunalijua jambo hili tangu zamani: ni sawa na kuambiwa utie sahihi mkataba usiousoma.

Basi tufanye hivi:

1. Ulichoandika kwenye fomu, hesabu kwamba kimekwisha kwenda. Usianze kuandika kabla hujamjua mwenye ukurasa. Namba ya siri ya pesa usimwandikie mtu anayekuahidi kazi.

2. Programu ya kufungulia intaneti isiachwe ikazeeka. Ua huwa na matundu, na toleo jipya ndilo huyaziba.

3. Mwenye simu ya Android anaweza kutumia Firefox na kuiongezea NoScript, inayozuia vibarua hao mpaka umruhusu unayemwamini. Kurasa nyingi zitalemaa, hilo tuseme wazi. Mruhusu mmoja mmoja.

4. Mwajiri akileta fomu za mshahara au likizo kwenye simu, wajumbe wetu waulize kikaoni: habari hizi zinakwenda kwa nani? Na fomu ya karatasi ibaki kwa anayeitaka.

Ndugu yule tulimshauri asilipe hata faranga moja, naye hakulipa. Lakini namba yake bado wanayo. Aliyepatwa na jambo kama hili asione haya. Aje aseme mbele ya wenzake, ili mwingine asinaswe.

Umoja ni nguvu.