Sheria ya Bahari Yaanzia Rapsu

Mtu wa Rapsu aweza kuzeeka asiione bahari. Kijiji hicho kiko upande wa Kinna, kaunti ya Isiolo, si mbali na Mbuga ya Taifa ya Meru. Wakazi wake wengi ni Waborana, Waislamu wenzetu, wafugaji na wakulima wa kumwagilia. Lakini maji hayana makao. Mito itokayo milima ya Nyambene hushuka katika nyika hiyo, huingia Tana, na Tana huishia baharini karibu na Kipini. Kinachotiwa mtoni huko juu, kiwe dawa ya kuulia wadudu au chupa ya plastiki, chaweza kufika kwenye mikoko na nyavu za huku kwetu. Na maji ya mto yakipungua, chumvi ya bahari hupanda na kuharibu mashamba ya mpunga huku chini.

Si insafu kumtwika mkulima wa Rapsu lawama zote; juu zaidi Tana yenyewe imezibwa kwa mabwawa makubwa ya umeme, likiwamo la Masinga. La kuuliza ni hili: nani mwenye dhamana ya safari nzima ya maji?

Mataifa yalijaribu kulijibu. Mwaka 1985 ulitiwa saini Mkataba wa Nairobi wa kulinda bahari na pwani za upande wetu wa Bahari ya Hindi, nao ulianza kutumika mwaka 1996. Umezikusanya nchi kumi, kutoka Somalia hadi Afrika Kusini, pamoja na visiwa kama Komoro na Shelisheli. Mwaka 2010 ikaongezwa itifaki kuhusu uchafuzi utokao nchi kavu. Hapo nchi hizo zilikiri kwamba bahari hailindwi kwa kusimama ufuoni pekee.

Hata hivyo, ahadi ya pamoja hudhoofika kila jirani anapokwenda kwa saa yake. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017. Tanzania Bara ilifanya hivyo Juni 2019. Kwa karibu miaka miwili, mfuko uliokuwa kosa upande mmoja wa mpaka ulikuwa bidhaa halali upande wa pili, na mawimbi hayaulizi pasi.

Kasoro hiyo yaweza kutokea hata ndani ya nchi moja. Kutoka Rapsu hadi Kipini maji hupitia kaunti kadhaa, kila moja na bajeti yake na viongozi wake. Ibara ya 189 ya Katiba ya 2010 inazitaka serikali za kaunti zishirikiane, na inaziruhusu kuunda kamati za pamoja. Kamati ya namna hiyo ingemkalisha mkulima wa juu na mvuvi wa chini meza moja.

Waborana hawaoni ajabu katika jambo hili. Kwa mila yao, malisho na maji husimamiwa kwa dedha, na wazee wake, jarsa dedha, ndio wanaoamua ni lini na wapi mifugo ilishe. Mfugaji mgeni aliyekimbia ukame hutakiwa kwanza aombe ruhusa, na mwenyeji naye husikiliza shida yake. Mikataba ya mataifa nayo yatafuta jambo lilo hilo: jirani asitumie kabla ya kusemezana na jirani.

Nasi majumbani tuna nafasi yetu. Sheria ya Maji ya 2016 inatambua vyama vya watumiaji maji, na mama mchota maji anastahili kuwa na sauti humo. Ibara ya 70 ya Katiba humruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani mazingira yanapohatarishwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Huko Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido, mama ambaye mtoto wake alikuwa miongoni mwa waliodhurika, aliongoza madai yao, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3.

Basi mvuvi wa Kipini ana haki ya kuuliza habari za mto wa Rapsu, na mama wa Rapsu ana haki ya kujibiwa kuhusu maji yanayomfikia kutoka juu yake.