Mguu wa mtoto ukiteguka kila mara: kuisha maumivu si kupona

JUMATATU alfajiri mama yuko njiani kuelekea mpaka wa Mugina, anavuka kwenda Manyovu kuchukua bidhaa. Mwanawe wa miaka 12 amebaki nyumbani Nyanza-Lac, na jana jioni alirudi kutoka uwanjani akichechemea. "Niliteleza tu, mama," alisema. Hakusema kwamba ni mara ya tatu mguu ule ule kuteguka. Anajua akisema atakatazwa mpira.

Mfano huu unazihusu familia nyingi zenye watoto wanaopenda michezo, kuanzia Nyanza-Lac hadi Buyenzi. Wazazi husema mtoto ana "mguu mbovu" au hana bahati. Mara nyingi ukweli ni mwingine: jeraha la kwanza halikupewa nafasi ya kupona.

Kwa nini unarudia?

Kifundo cha mguu kimeshikwa na kano, yaani nyuzi ngumu zinazounganisha mfupa na mfupa. Mtoto anapotua vibaya, wayo hugeukia ndani na kano za upande wa nje huvutika au kuchanika. Uvimbe na maumivu vinaweza kupungua baada ya siku chache, lakini kano zilizochanika huhitaji wiki sita au zaidi.

Tena, ndani ya kano mna mishipa ya fahamu inayoupasha ubongo habari jinsi mguu ulivyokaa. Ikijeruhiwa, habari hizo huchelewa na misuli huchelewa kukaza. Ndipo shimo dogo uwanjani linatosha kumwangusha tena.

Siku za mwanzo

Mtoto aache kucheza mara moja. Mwekee barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, au kitambaa cha maji baridi, kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Funga bendeji bila kubana sana. Vidole vikipoa au kufa ganzi, ilegeze. Akilala, mguu uwekwe juu ya mto.

Usimpeleke kukandwa wala kuvutwa mguu uliovimba. Huenda mfupa umevunjika, na kuuvuta kutazidisha madhara.

Mpeleke hospitali haraka iwapo hawezi kutembea hatua nne, anaumia ukibonyeza mfupa wenyewe, mguu umepinda au umekufa ganzi. Kwa mtoto jambo hili lina uzito zaidi. Karibu na ncha za mifupa yake kuna sehemu laini ambayo mfupa hukulia, na mara nyingi sehemu hiyo ni dhaifu kuliko kano. Kinachoonekana kama kuteguka kinaweza kuwa jeraha la mfupa unaokua, na likipuuzwa, mguu unaweza kukua ukiwa umepinda au mfupi.

Mazoezi yasiyo na gharama

Maumivu yakipungua, ndipo kazi inaanza. Kila siku mtoto aandike herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu. Akiweza kukanyaga bila kuumia, ainuke kwa vidole na kushuka polepole mara 10, kisha asimame kwa mguu mmoja kwa nusu dakika, kwa mfano anapopiga mswaki. Akizoea, afumbe macho huku akiwa karibu na ukuta. Mazoezi haya ya kujisawazisha yamethibitika kupunguza kuteguka tena. Hata mama akiwa safarini, bibi au dada anaweza kuyasimamia.

Arudi uwanjani akiweza kutembea bila kuchechemea, kukimbia, kugeuka ghafla, na kuruka kwa mguu ulioumia sawa na ule mzima. Kumfunga bendeji tu na kumwingiza mchezoni haitoshi.

Usipokoma

Kama amefanya mazoezi na bado anateguka, aonwe na daktari. Kwa watoto wa miaka 8 hadi 16, wayo bapa ulio mgumu kugeuka unaweza kuashiria mifupa ya mguu iliyoshikana tangu kuzaliwa. Wengine wana viungo vinavyolegea kupita kawaida. Hali zote mbili zina tiba, lakini sharti zijulikane.

Kwa waliorejea kutoka kambi za Tanzania, tunzeni kadi za hospitali na picha za eksirei za watoto. Daktari wa upande huu atataka kujua mguu uliumia lini na ulitibiwa vipi.

Na mama wa Mugina akirudi jioni, asianze kwa kufoka. Amwambie mwanawe kwamba hatanyang'anywa mpira; atapumzika wiki chache ili acheze miaka mingi. Mtoto asiyeogopa kukatazwa husema mapema anapoumia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.