Bakteria unayoweza kuiona kwa macho, na haina madhara

Ukisikia neno bakteria, huenda unafikiria mara moja kipindupindu au homa ya matumbo. Lakini bakteria nyingi hazimdhuru mtu, na mwaka 2022 wanasayansi walitangaza aina mpya ya kushangaza, inayoitwa Thiomargarita magnifica.

Inaishi Guadeloupe, visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Karibi, ikiwa imeshikamana na majani ya mikoko yaliyozama majini. Mwanabiolojia Olivier Gros aliiona huko mwaka 2009. Ilikuwa kama nyuzi nyembamba nyeupe, na mwanzoni hakudhani ni bakteria. Si ajabu: urefu wake ni takriban sentimita 1, kama ukope wa jicho, na kila uzi ni seli moja tu. Huhitaji darubini. Bakteria za kawaida ni ndogo kuliko hiyo mara maelfu.

Je, inaambukiza? Hapana. Haishambulii mwili wa mtu. Hupata nguvu zake kutokana na kemikali za salfa zilizomo kwenye matope ya mikoko.

Ila usije ukachanganya mambo. Bakteria ya kipindupindu ni ndogo mno, huwezi kuiona kamwe. Maji ya mtoni au kisimani yanaweza kumetameta kama kioo na bado yakawa nayo. Kwa hiyo usiyapime kwa macho: yachemshe, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha subiri dakika 30 kabla ya kunywa.