Harusi ya Gatina na bando ya 99

Steji ya Kawangware 46 ilikuwa imejaa makanga wanaoita abiria wa tao wakati mama mmoja wa Gatina aliponiwekea simu kwenye meza yangu ya kazi. "Kijana wangu, hii ni harusi ya kifungua mimba wangu. Dada yake yuko Saudia, hakupata ruhusa ya kuja. Nataka aione leo, na aone nguo vizuri." Video yenyewe: dakika 20, 1080p, GB 2.5.

Tangu 2022 WhatsApp inabeba faili ya hadi GB 2 ikitumwa kama dokumenti, kwa hiyo hiyo ya mama haikupita. Ukiituma kama video ya kawaida, WhatsApp inaibana yenyewe bila huruma, na maua ya kitenge yanageuka mabaka. Hapo hulipi kitu zaidi ya bando kidogo, lakini pia unachotuma si harusi tena.

Tupige hesabu kwa bando ya GB 1 kwa saa 24, ile ya shilingi 99. Kupandisha faili nzima Google Drive kunakula bando tatu, shilingi 297, na binti naye huko aliko ashushe GB 2.5 kwa pesa zake. Mwenye wifi ya nyumbani ya mtaani, tuseme ya Mbps 4, hataumia mfukoni, ila atakaa karibu saa moja na nusu akiombea stima isipotee.

Tovuti zinazobana video "bure" ndizo ninazozikwepa zaidi. Ili ibanwe lazima kwanza uipandishe yote, halafu uishushe iliyobanwa. Bando ni zile zile tatu. Moja ilinikwamia kwenye asilimia 90 usiku wa saa tano, na bando ikaisha nikiangalia.

Kilichobaki ni kubana kabla ya kugusa intaneti. Natumia HandBrake, programu ya bure inayofanya kazi bila mtandao. Nilichagua MP4, H.264, nikashusha picha hadi 720p maana itatazamwa kwenye simu, na kwenye kile kipimo cha ubora nikaweka 22. Namba hiyo huwachanganya wengi, kwa sababu ikishuka ubora unapanda na faili inanenepa. Ukiongeza 6 hivi, faili inapungua karibu nusu, na ukifika 28 nyuso zinaanza kuwa kama zimepakwa mafuta. Sauti niliiacha AAC 128. Kwa dakika 20 inakula kama MB 19 tu, na kuibana hiyo ni ubahili usio na faida.

Ilitoka na MB 300, chini ya theluthi ya bando moja. Laptopu yangu ni mzee, iliguguna karibu saa nzima, lakini kwa wati 60 na hata ukihesabu uniti ya tokeni kwa shilingi 30, stima haikufika shilingi 2.

Faili ingekuwa ndogo zaidi kama si ile sehemu iliyopigwa ndani ya nyumba. Mabati, balbu moja, watu wamesongamana: kamera ya simu ikikosa mwanga inatia chenga, na programu inadhani kila chenga ni kitu cha kuhifadhiwa. Kufungua mlango kungesaidia kuliko setingi yoyote ya kwangu. Vilevile anayepiga aangalie simu yake kabla ya kuanza. iPhone inakuandikia yenyewe: dakika moja ya 1080p ni kama MB 60, ya 4K yenye fremu 60 kwa sekunde ni MB 400. Harusi hiyo hiyo ingekuwa GB 8, za kutazamwa kwenye kioo cha kiganja.

Wajuaji wataniuliza mbona sikutumia H.265. Ilitoka 2013, miaka kumi baada ya H.264, na kwa ubora ule ule inaweza kupunguza faili karibu nusu. Kwa kuhifadhi video zako mwenyewe, itumie. Ila hawa madereva wa matatu za 46 wanaoniletea flashi za miziki wamenifunza adabu: skrini nyingi za matatu na deki za zamani zikipewa H.265 zinatoa sauti bila picha, na abiria wanacheka.

YouTube ni habari nyingine. Vijana wa Kibera News Network walioanza kupandisha habari za mtaa wao huko mwaka 2010 wangekuambia hivyo hivyo: YouTube inabana tena chochote unachoipa, kwa hiyo ipe faili nene kadiri bando inavyoruhusu. Kubana kilichokwisha kubanwa ni kuchemsha majani ya chai mara ya tatu. Ndiyo maana faili ya mama niliyoifanyia kazi ilikuwa ile ya kwenye simu iliyopiga, si nakala iliyozunguka kwenye grupu ya familia. Faili hiyo nilimwekea pia kwenye flashi. Ingezidi GB 4, flashi ya FAT32 ingeikataa hata ikiwa tupu.

Nilimtoza 100. Akaituma ile ya MB 300 kama dokumenti akiwa bado amekaa kwangu. Baada ya nusu saa sauti ya binti ikaingia, kali kidogo: "Mama, mbona kile kitenge changu nilichokutumia kimevaliwa na shangazi?"