Kivinjari kizito: usikimbilie kununua bando

Msimu wa maombi ya mikopo ya wanafunzi ya HESLB, foleni kwenye steshenari za Goba Njia Nne hurefuka, na ukurasa unapogoma kufunguka kila mtu husema mtandao mbovu. Kuna siku ni kweli. Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini na nchi nzima ikaona. Lakini mara nyingi tatizo limo ndani ya kompyuta yenyewe, na bando jipya halitalitibu.

Tangu ilipotoka mwaka 2008, Chrome huendesha vichupo kwa michakato inayojitegemea ili kimoja kikianguka vingine visianguke nacho. Mwaka 2018, baada ya kasoro ya Spectre kugunduliwa kwenye prosesa, Google ilizitenganisha tovuti zaidi, na yenyewe ikakiri kwamba matumizi ya RAM yangepanda kwa takriban asilimia 10 hadi 13. Kwa maoni yangu ni gharama halali, maana mtu anajaza namba ya NIDA na taarifa za benki. Ila kwenye laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4, ambayo Windows imeshajichukulia sehemu yake, vichupo kumi na tano ni mzigo. RAM ikijaa, Windows huhamishia data kwenye diski, na diski ya zamani ya kuzunguka haiwezi kasi hiyo. Ukiona taa ya diski haizimiki na hata kuandika herufi kunachelewa, acha kuulaumu mtandao.

Bonyeza Shift na Esc kwa pamoja ndani ya Chrome. Itafunguka orodha ya kila kichupo na kila kiendelezi, pamoja na kumbukumbu (RAM) kinayokula. Bofya kichwa cha safu ya kumbukumbu, walafi wapande juu. Usishangae kukuta kiendelezi cha kupakua video ambacho hakuna anayekumbuka aliyekiweka. Kiondoe. Kwenye Firefox, andika about:processes sehemu ya anwani.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya utendaji, uwashe uokoaji wa kumbukumbu, ambao hulaza vichupo visivyotumika. Anwani ya maombi ya mkopo iweke kwenye orodha ya zisizolazwa.

Tabia ya kufuta kache kila jioni inaniumiza. Kache hukaa zaidi kwenye diski, ikitunza picha na misimbo ili zisipakuliwe tena. Ukiifuta, kesho unazilipia upya kwa bando lako. Ifute ukurasa ukiharibika au diski ikijaa. Kama lengo ni kulinda siri za wateja wa steshenari, wafungulie dirisha la hali fiche na ulifunge kila mmoja anapomaliza.

Kompyuta ikibaki nzito baada ya hapo, hela ya bando ielekeze kwenye RAM ifike GB 8, au SSD badala ya diski ya kuzunguka. Kabla hujalipa, mwambie fundi aifungue mashine mbele yako, kwani laptopu nyingine RAM yake imechomelewa kwenye bodi na haiongezeki.