Kwa Nini Vidoli vya Sinema Vilidoda?

Mpenzi msomaji, wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kuna bidhaa iliyojiuza usiku wa manane, watu wakaipangia foleni, na bado ikadoda madukani! Nazungumzia vidoli vya plastiki vya sinema ya Star Wars vilivyouzwa Marekani mwaka wa 1999. Je, kosa lilikuwa wapi?

Hebu tuanzie mwanzo. Sinema ya kwanza ya Star Wars ilitoka mwaka wa 1977, na kampuni ya Kenner ikapewa kibali cha kutengeneza vidoli vya wahusika wake. Krismasi ikafika vidoli bado havijawa tayari. Kenner ikafanya nini? Ikauza bahasha ya kadibodi yenye cheti, bila vidoli! Mtoto alikituma kwa posta, na mwaka wa 1978 akaletewa vidoli vinne. Basi watoto wakavichezea kwelikweli. Vilifukiwa mchangani, vikavunjika mikono, na bunduki zao ndogo zikapotea. Pakiti nazo zilitupwa siku ile ile. Nani angeweka pakiti?

Watoto hao walikua, wakapata kazi, wakaanza kutafuta vidoli vya utotoni mwao. Vilivyobaki vizima vilikuwa vichache. Kwa mfano, kidoli cha Jawa cha 1978 kilivaa joho la plastiki kabla ya kampuni kulibadilisha na kuweka la kitambaa. Kile cha plastiki kikipatikana ndani ya pakiti yake, wakusanyaji hulipa maelfu ya dola.

Sasa tuje mwaka wa 1999. Sinema mpya, The Phantom Menace, ilitoka tarehe 19 Mei. Kampuni ya Hasbro, ambayo ilikuwa imekwisha kuichukua Kenner, ilianza kuuza vidoli vyake tarehe 3 Mei, saa sita za usiku. Watu wazima wakamiminika madukani. Wengi hawakuvifungua. Waliviweka kabatini wakingoja vipande bei kama vile vya zamani.

Wakangoja wee! Bei haikupanda. Kwanza, vilikuwa vimetengenezwa vingi mno. Pili, vilinunuliwa kabla ya sinema kuonekana, na ilipoonekana, mashabiki wengi hawakumpenda mhusika Jar Jar Binks hata kidogo. Tatu, na hili ndilo kubwa, kila mtu alitunza. Kitu kinachotunzwa na wote hakiwezi kuwa adimu. Maduka yakapunguza bei ili kumaliza mzigo, na waliotarajia utajiri wakabaki na makabati yaliyojaa plastiki.

Msomaji, ukitaka kuelewa vizuri, jiulize: lile gari la waya ulilotengeneza ukiwa darasa la tatu liko wapi? Lilikwisha kwa kukimbizwa barabarani, sivyo? Leo ukiliona utaruka kwa furaha. Lakini kama ungelifungia sandukuni siku ulipolimaliza, ungelikumbukia nini?

Hilo ndilo lililowaponyoka wanunuzi wa 1999. Walinunua kumbukumbu kabla haijatokea. Kiwanda hutengeneza kidoli, lakini thamani yake huletwa na mtoto anayekichezea mpaka kikavunjika.

Kwa hayo machache natua kalamu, kengele isije ikanikuta hapa.