Tusifute Sauti za Wazee

Majuzi mwanafunzi wangu alinijia na kipakatalishi kikuukuu chenye nafasi ya gigabaiti 128 tu, nacho kimejaa pomoni. Alikuwa amerekodi masimulizi ya wazee wa Kisii na Nyamira kwa Ekegusii. Sasa aliomba kuzifuta sauti hizo, maadamu alikwisha kuyaandika yote.

Nilimkatalia. Ekegusii kina irabu saba, ilhali maandishi yake ya kawaida hutumia herufi tano tu za irabu. Toni nayo haiandikwi. Kwa hiyo kilichomo daftarini si lugha kamili, bali ni kivuli chake. Mzee akishatutoka, mwandishi aliyekosea atasahihishwa na nani?

Ni kweli kwamba sauti ni mzigo. Saa moja ya sauti isiyobanwa, yenye njia mbili na ubora wa CD, huchukua zaidi ya megabaiti 600. Lakini kwa msimulizi mmoja, aliyenaswa kwa maikrofoni moja, njia moja yatosha, na mzigo hupungua kwa nusu. Muundo wa FLAC huupunguza tena bila kupoteza chochote. MP3 hubana zaidi, ila hutupa sehemu ya sauti isirudi kamwe.

Basi, ndugu walimu na wanafunzi, tuanze kwa kufuta filamu na picha zilizojirudia. Sauti tuzitolee nakala mbili katika diski za nje, moja ikae mbali na nyingine.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nami naongeza: daftari bila sauti ni nusu ya ushahidi.